Hodi kwanza, ndipo hoda: kuingia duara la kapoeira kwa mara ya kwanza

Kapoeira ni mchezo wa Kibrazili wa mateke na kukwepa, unaochezwa kwa ngoma na nyimbo. Duara lake kwa Kireno huitwa roda, na Wabrazili hulitamka "hoda". Siku ya kwanza nilipolisikia neno hilo, pale mchangani Kibirizi, hapa Kigoma, nilidhani mwalimu anabisha hodi, nikaitikia, "Karibu!" Hakucheka. Alinijibu, "Umesikia vizuri tu. Humu haingii mtu bila hodi."

Huu ni mwaka wa nne nafanya mazoezi, na ninamwandikia mwanafunzi mpya, kwa sababu kila mara naona jambo lilelile. Kijana amejifunza mateke matatu, mwili una nguvu, moyo unamdunda, halafu anapenya katikati ya duara kama mtu anayekatiza shamba la jirani. Hapohapo anakula teke ambalo hakurushiwa yeye. Mateke utafundishwa mazoezini, tena kwa miezi. Kuingia, kukaa na kutoka ndiko wengi tunaachwa tujionee wenyewe, na kujionea kuna gharama.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanga, ila nimekulia Ujiji. Kundi letu ni dogo, watu kumi na wanane tukijitokeza wote, na nusu yao wanavua dagaa. Kwa hiyo duara letu kubwa tunalipanga kwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi inabaki ufukweni, vijana wanalala usiku kama watu wengine, na Jumamosi saa kumi jioni wapo wote. Wiki nyingine tunakuwa sita au saba, tunafanya mazoezi tu. Ukitaka kuja kututazama, angalia mwezi kwanza.

Kabla hujatoka nyumbani

Vaa suruali nyepesi isiyobana. Makundi mengi huvaa nyeupe, na sisi pia. Ukishonesha, mwambie fundi aweke kipande cha pembe nne katikati ya mapaja, pale mishono minne inapokutana. Suruali ya kawaida itachanika pale siku ya kwanza utakapochuchumaa na kutupa mguu. Nimeshashona kumi na moja za namna hiyo, hakuna iliyorudi.

Vua pete, saa, herini, bangili na cheni. Kata kucha za mikono na za miguu. Dada mwenye mtandio aufunge kilemba na kuchomeka ncha ndani, bila pini hata moja. Pini iliwahi kunifunguka nikiwa kichwa chini, ikanichora kutoka sikioni hadi shingoni. Na usile ugali mzito saa tisa. Kunywa maji, kula ndizi, basi.

Fika mapema. Ukifika saa kumi kamili utakuta vyombo vimeshafungwa na utakosa somo la kwanza, ambalo ni kuifahamu berimbau kabla haijaanza kukuamrisha.

Berimbau ni upinde wa mti wenye waya mmoja, urefu wake karibu sawa na bega la mtu mzima, na chini yake kumefungwa kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji anaushika kwa mkono mmoja pamoja na jiwe au sarafu ya kubana waya. Mkono wa pili una kijiti na kikapu kidogo chenye mbegu ndani kinacholia kama kayamba. Akikisogeza kibuyu tumboni sauti inafifia, akikitoa inafunguka. Waya wetu unatoka ndani ya tairi kuukuu la gari. Huku Kigoma hilo si tatizo, wanaoshona katambuga wanao, wanauchuna wakati wa kukata tairi na sisi tunausugua kwa msasa mpaka ung'ae. Jiwe tunaokota ufukweni, lile bapa lililosuguliwa na maji.

Duara lililokamilika kwa mtindo wa kapoeira uitwao Angola huwa na berimbau tatu. Ya kibuyu kikubwa na sauti nzito ndiyo gunga (mimi nililishika jina hilo kwa kukumbuka mtaa wetu wa Gungu), inafuata ya kati, kisha ndogo yenye sauti nyembamba iitwayo viola. Pembeni yake kuna ngoma ndefu ya kusimama, matari mawili, kengele mbili za agogo na kigogo chenye mikwaruzo cha kukwangua. Vyombo vinane. Sisi tuna vitano: berimbau mbili, ngoma, agogo aliyotuchomelea fundi wa vyuma, na tari yangu ya kaswida. Vinatosha. Mestre Bimba (mestre ni mwalimu mkuu), aliyefungua shule yake mjini Salvador, Brazil, mwaka 1932 na kuanzisha mtindo uitwao Regional, aliendesha duara lake kwa berimbau moja na matari mawili. Mestre Pastinha, aliyefungua kituo chake mwaka 1941 mjini humohumo, ndiye aliyeulea mtindo wa Angola. Mwalimu wetu alijifunza kwa watu wa pande zote mbili, kwa hiyo utakayoyasoma hapa yamechanganyika. Ukienda kundi jingine, muulize mwenyeji kwao wanafanyaje kabla hujagusa kitu.

Kazi yako ya kwanza ni makofi

Mwanafunzi mpya anadhani kazi yake inaanza zamu yake ya kucheza ikifika. Inaanza dakika anaposimama kwenye mstari wa duara. Sisi tunauchora mchangani kwa kisigino, upana wa hatua sita hivi, na watu wanasimama juu ya mstari huo, bega karibu na bega. Anayekuzuia usidondokee nje ni mwenzako aliye kwenye mstari. Anayekupa pumzi ukichoka ni yeye pia, kwa sauti yake. Duara likiwa limelala, wachezaji wawili hodari wanaonekana kama watu wanaonyoosha viungo. Limechangamka, hata mimi na mtoto wa darasa la tano tukicheza, wauza dagaa wanaacha vichanja vyao na kuja kutazama. Mwaka 2014 UNESCO ilipoiingiza kapoeira kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kilichoandikwa pale ni duara la kapoeira. Mimi naona walipatia kabisa.

Basi makofi. Tunapiga matatu na kunyamaza moja: pa, pa, pa, kimya. Kimya hicho nacho kinahesabiwa, usikijaze. Piga kwa kiganja kizima, mikono ikiwa kifuani, na usikimbie mbele ya gunga hata damu ikichemka. Kosa la kila mgeni ni kuharakisha. Anaona mchezo unapendeza, anaongeza mwendo, wa pembeni anamfuata, na baada ya dakika mbili ngoma inavutwa na makofi badala ya makofi kufuata ngoma. Ukihisi umepotea, acha kupiga, sikiliza mizunguko miwili, kisha rudi. Katika makundi mengi ya Angola hawapigi makofi kabisa. Ukikuta hivyo, mikono ishushe.

Kisha kuitikia. Mmoja anaimbisha, wote wanaitikia, na huo ndio uti wa mambo yote. Niliyekulia kwenye kaswida za Ujiji sikupata shida hapo, maana mwimbishaji akitoa ubeti, koo langu linajua lenyewe pa kuingilia. Shida ilikuwa Kireno. Nilichofanya, nikarekodi viitikio vitano kwa simu, nikaviandika kwa herufi zetu kama nilivyovisikia, nikawa navirudia nikikanyaga cherehani. Viitikio vitano tu. Ukivishika, umeshajitosheleza kwa miezi mitatu ya mwanzo. Baadaye muulize mwalimu maana yake, kwa sababu mara nyingi wimbo unasema na wachezaji: unawaambia wapole, unamsifu mmoja, unamwonya mwingine. Asiyejua maneno haonyeki.

Kuna wimbo mmoja wa peke yake, mrefu, wa taratibu, unaofungua duara la Angola. Unaitwa ladainya. Ukiimbwa, hakuna anayecheza, hakuna anayepiga kofi, hakuna anayeitikia. Wawili watakaoanza wamechuchumaa mbele ya berimbau, wanasikiliza. Nawe sikiliza. Usimnong'oneze mtu, usitoe simu kupiga picha. Kiitikio kikianza ndipo unafungua mdomo.

Mtu akitoka kwenye mstari kwenda kucheza, pengo lake lizibwe na walio pembeni, hatua moja kila upande. Na ukiona mpiga tari mkono umechoka, unaweza kumpokea kama unaijua kazi: simama nyuma yake, mguse bega, subiri akukubalie kwa kichwa, pokea bila mdundo kukatika. Kama hujaijua, mwache.

Hodi

Sasa zamu yako. Mlango wa duara uko sehemu moja tu, miguuni pa berimbau. Wenyewe wanapaita hivyo hivyo, "mguu wa berimbau". Usikatize katikati kwenda huko. Pita nje, nyuma ya migongo ya watu, mpaka ufike upande wa vyombo, kisha chuchumaa. Mwenzako anachuchumaa upande wa pili, mnatazamana, gunga iko kati yenu.

Hapo usiwe na haraka. Mtazame mwenzako usoni. Tazama amechoka au ana nguvu, amekasirika au ametulia, mkono gani ameutanguliza. Kila mtu hapo anajikabidhi kwa namna yake: mimi nasema bismillahi kimoyomoyo, mwenzangu Mkatoliki anafanya ishara ya msalaba, wengine wanagusa mchanga kwa vidole. Peaneni mikono. Kisha subirini gunga. Mpigaji akiishusha ncha ya upinde kati yenu, hiyo ndiyo "karibu". Ikiwa bado iko juu, bado hamjaitikiwa.

Muda huu ni mfupi, pengine sekunde kumi, lakini ndio ninaoupenda kuliko yote. Waliouanza mchezo huu walikuwa watumwa nchini Brazil, wengi wao wametolewa Angola na Kongo, upande ule mwingine wa bara letu. Waliopitishwa Ujiji walipelekwa mashariki, Tabora hadi Bagamoyo, kwa njia nyingine kabisa, na sisemi kwamba ni watu walewale. Ila mimi mtoto wa Ujiji, nikichuchumaa hapo chini ya upinde wa kibuyu ambao bibi yangu angeutambua kwa sauti kabla hajauona, siwezi kuingia kwa fujo.

Unaingia kwa chini au kwa mikono. Wanaojua kupinduka kama gurudumu wanapinduka taratibu, macho yakimtazama mwenzao na si mchanga. Kama hujaweza, tanguliza mkono chini, vuta mguu mmoja, jizungushe ukiwa karibu na ardhi hadi katikati. Hakuna atakayekudharau. Atakayeonekana vibaya ni yule aliyesimama wima na kutembea hadi katikati kama aliyeitwa mbele ya darasa.

Humo ndani

Kwanza ni ginga, ile bembea ya miguu ambayo Wabrazili huitamka "jinga", na haina uhusiano wowote na ujinga. Mguu mmoja unarudi nyuma, mkono wa upande huohuo unapanda kulinda uso, kisha unabadili. Usisimame kamwe. Ukiwa hujui la kufanya, rudi kwenye ginga, ndiyo nyumbani.

Kisha chukulia kwamba ni maongezi. Mwenzako akikurushia teke la nusu mwezi, wewe unainama chini yake, na ukiinuka unainuka na swali lako. Akirusha, usizuie kwa mkono, jiondoe. Ukirusha wewe, mpe nafasi ya kuondoka, hasa kama ni mwanafunzi mwenzako: teke lipite palipokuwa kichwa chake kwa mwendo ambao anaweza kuuona. Kuna watu wanaopima uhodari kwa waliowaangusha. Kwetu anayesifiwa ni aliyeweza kukupiga, ukaona kabisa kwamba ameweza, na mguu ukasimama nusu shubiri kutoka shavuni. Mitama ipo, ndiyo, wanaiita rasteira, nawe utaonja. Unapigwa mtama pale unaposimamia mguu mmoja muda mrefu kwa kupenda kuonekana. Ukianguka, tua kwa mkono na mguu, makalio yasiguse mchanga ukiweza, na endelea na mchezo ukiwa hapohapo chini.

Mwendo unatoka kwa gunga. Ikipigwa taratibu, cheza chini na karibu. Ikiharakisha, simameni na mpeane nafasi. Kucheza kwa kasi wakati gunga inatambaa ni sawa na kupiga kelele mtu anapoongea.

Ukiishiwa pumzi usitoke mbio. Nyosha mkono, mwonyeshe mwenzako, kisha tembeeni wote wawili kuzunguka ndani ya duara. Kunaitwa kuzunguka dunia. Mkifika tena miguuni pa berimbau, mnachuchumaa na kuanza upya, au mnapeana mikono na kutoka. Fanya hivyo pia ukihisi hasira. Mwaka juzi nilipigwa kifuani, nikaona kabisa ni kwa makusudi, na mkono ukaanza kutafuta shingo ya mtu. Nilizunguka dunia mara tatu. Baada ya mazoezi nilimweleza mwalimu, tukakaa chini sote watatu, likaisha siku hiyohiyo.

Kununua mchezo

Katika Regional na makundi mengi ya siku hizi, hamsubiri wawili wamalize. Mmoja anaingia na kuchukua nafasi ya mwingine, wanaita kununua mchezo. Wanafunzi wengi wanaumia hapa, na mimi ni mmojawapo. Mwezi wangu wa tano niliona nafasi nzuri, nikaingia kutoka upande wa kinyume na vyombo, mgongo wa mchezaji ukiwa kwangu. Alikuwa ameshaanza kugeuka na teke la kuzunguka. Hakuniona, angenionaje. Kisigino kilinipata chini ya jicho, na kwa siku nane nilishona kwa jicho moja.

Fanya hivi. Nenda miguuni pa berimbau kama kawaida. Subiri wawili waachane, kila mmoja akiwa nje ya mguu wa mwenzake. Ingia ukiwa umenyoosha mkono mbele, kati yao, uso wako ukimwelekea unayetaka kucheza naye, na mkono mwingine ukimlinda usoni anayetoka na wewe mwenyewe. Anayetoka anarudi nyuma bila kumpa mtu mgongo. Usiununue mchezo uliozaliwa sasa hivi, waache wawili waonjane. Usiununue mchezo wa mwalimu wako na mgeni wake. Mpaka uambiwe, huo unautazama tu, na kuutazama ni somo. Na kwenye duara la Angola usinunue kabisa. Huko wawili wanaanza na kumaliza wenyewe.

Gunga ikiita

Kuna mlio mmoja lazima uujue kabla ya yote: gunga inaacha wimbo na kugonga waya uleule mfululizo, din, din, din. Inawaita. Acheni palepale, hata mguu ukiwa hewani, mrudi miguuni pake mkachuchumae. Mwenye gunga ameona jambo ambalo nyinyi hamkuliona: damu, hasira, mtoto aliyesogea karibu, au muda wenu umekwisha. Akipaza sauti "Iee!", kila kitu kinanyamaza, vyombo na makofi pia.

Mwanzoni nilidhani ni ukali wa mwalimu wetu. Kisha akatueleza kwamba utumwa ulifutwa Brazil mwaka 1888, na miaka miwili tu baadaye sheria ya jinai ya mwaka 1890 ikaifanya kapoeira kuwa kosa, kifungo miezi miwili hadi sita. Kuna mdundo mmoja wa berimbau uitwao kavalaria, na inasimuliwa kwamba ulikuwa wa kuonya kwamba askari wa farasi wanakuja. Yule mwenye upinde alikuwa anatazama njia wakati wengine wanatazama miguu. Tangu siku hiyo gunga ikiita sisubiri mara ya pili.

Baada ya hapo

Mkimaliza, mpe mkono kila uliyecheza naye, na aliyekuangusha mpe wa kwanza. Muulize alikupataje. Watu wanajibu vizuri sana jasho likiwa bado mwilini.

Usiondoke ukaacha wengine wakibeba vyombo. Ngoma inafutwa mchanga na kufunikwa kanga, tari inarudi mfukoni, na berimbau inafunguliwa waya jioni hiyohiyo. Mti ukilala umepinda unazoea, unapoteza nguvu ya kuvuta, na sauti inakufa. Weka goti lako kwenye mti, usukume taratibu, ukilegea mwenzako afungue kamba ya chini. Usifanye peke yako mara ya kwanza, waya unaruka. Kibuyu kiweke juu ya nguo, mdomo chini. Jiwe mpe aliyepiga gunga, yeye ndiye anakwenda nalo nyumbani.